Kisu cha mama na mipini mitatu niliyoiharibu

Waswahili tunasema mwenye nguvu kashika mpini, mnyonge kashika makali. Mimi siku ile nilikuwa nimeshika mpini, tena kwa mkono wa kulia, na bado nikakatwa.

Ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, nakata kichwa cha nguru wa supu. Samaki katoka kwenye friza, mfupa bado una barafu. Nikakandamiza. Kitu kikavunjika ndani ya kiganja changu, mpini ukasokoteka, kisu kikabaki palepale kwenye kichwa cha samaki na mkono wangu ukateleza mbele hadi kwenye makali. Jeraha lilikuwa kati ya kidole gumba na cha shahada, nyuzi nne. Zahanati, dawa na sindano ya pepopunda vilinitoka shilingi 38,000. Banda la chakula lilifungwa siku sita, na wateja wangu wa supu, vijana wa gereji, wakahamia kwa jirani. Wawili hawajarudi mpaka leo.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu mpini wenyewe, nilipokuja kuutengeneza ukatengenezeka, ulinigharimu shilingi 9,500 na Jumapili mbili.

Kisu kilikuwa cha marehemu mama. Ni cha chuma kile kinachoshika weusi, siyo hivi vinavyong'aa. Ukikatia limau usipokifuta kinabadilika rangi hapohapo. Kimenolewa miaka na miaka hata tumbo lake limeingia ndani. Lakini makali yake jamani! Nyanya iliyoiva inakatika kwa uzito wa kisu tu. Ndiyo maana mpini ulipoanza kucheza sikukitupa. Nilifanya wanachofanya wengi: nikakata ukanda wa chubu ya baiskeli, nikauzungusha kwa kuukaza, nikapiga fundo. Ukishika unaona imara kabisa. Nilijidanganya hivyo miezi saba.

Nyuzi zilipotolewa ndipo nikauchana ule mpira kwa wembe. Yalitoka maji meusi yenye shombo iliyonifanya nigeuze uso, na mimi shombo ndiyo marashi yangu ya kila siku. Chini ya mpira kulikuwa na vibao viwili vya mti vilivyobana mkia wa kisu, yaani kile chuma kinachoingia mpinini, kutoka huku na huku, vikishikwa na ribiti tatu, vile vijiti vya chuma vinavyopondwa vichwa. Ribiti ya nyuma ilikuwa imebaki donge la kutu. Ya katikati haikuwa na kichwa. Kibao cha kushoto kilikuwa kimepasuka urefu wote, na hicho ndicho kilichovunjika mkononi mwangu. Nilikibandua kwa kucha. Ndani, juu ya chuma kilicholiwa kikawa vishimo vishimo, yalikuwa yamelala magamba mawili ya samaki, makavu, yamenata kama stempu kwenye bahasha. Ya samaki wa mwaka gani, Mungu ndiye ajuaye.

Hapo nikaelewa jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokolea mengi: mpini unafia ndani, huku nje bado unapendeza. Maji yanapenya kwenye upenyo mwembamba kuliko unywele kati ya kibao na chuma. Mti unavimba, unakauka, unasinyaa, upenyo unaongezeka. Chuma kinaota kutu, na kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inasukuma kibao kutoka ndani. Ukija kusikia mpini unacheza, kazi hiyo imeshaendelea siku nyingi. Mimi na mpira wangu wa baiskeli tuliyafungia maji humo yasipate pa kutokea. Na tabia yangu ya kuloweka visu kwenye beseni usiku kucha pamoja na masufuria ndiyo iliyoyaleta.

Basi ungedhani baada ya kuyaona yale magamba nilishika adabu. Wapi!

Mpini wa kwanza nilioharibu niliutengeneza kwa supa gluu ya shilingi 1,000. Nilivirudisha vibao vilevile, kimoja kikiwa na ufa, juu ya chuma kilekile chenye kutu, nikamimina gundi na kubana kwa vibanio vya nguo. Ulishika siku tisa. Gundi ile inapenda nyuso safi zilizolaliana barabara, na ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, haipendi kugongwa wala maji ya moto. Halafu ukipaka gundi juu ya kutu, umeshika kutu, chuma hukukigusa. Siku ya tisa nilikuwa nakata boga, nikasikia "ka!" nikaacha mkono haraka. Angalau nilikuwa nimejifunza kuacha mkono.

Mpini wa pili ulikuwa wa mpera. Jirani alikata mpera wake uliokuwa unachafua bati, na kila mtu anajua mpera ni mti mgumu, watu wanachongea mipini ya nyundo. Nikaomba tawi. Siku hiyohiyo nikapasua vibao viwili, nikatoboa, nikapitisha misumari ya kawaida na kuipondaponda upande wa pili. Ulipendeza! Nilipiga picha nikawatumia ndugu zangu. Wiki ya tatu vibao vikaanza kujikunja, kila kimoja kinageukia upande wake, mpini ukawa kama mdomo wa mamba. Pembeni ya kila msumari kulikuwa na duara jeusi. Mti ulikuwa mbichi. Ugumu wake haukuwa na shida yoyote, ila bado ulikuwa na maji ya kuyatoa, na ulipoyatoa ukaondoka na umbo lake. Misumari nayo ikaota kutu ndani ya ule unyevu.

Wa tatu sipendi kuusimulia, ila ndio wenye faida zaidi kwa msomaji.

Huu haukuwa wa kisu cha mama. Nilikuwa na kisu kingine chembamba cha kuchunia minofu, nilikinunua 15,000, na mpini wake wa plastiki ulikuwa umepasuka. Mkia wake si bapa kama wa kile cha mama. Ni mwembamba kama msumari mrefu, unaingia katikati ya mpini na kuishia humo. Visu na mapanga ya namna hii nilimwona babu yangu kijijini akiyatia mpini kwa moto: anachoma mkia mpaka unakuwa mwekundu, anauchomeka kwenye mti, unajitengenezea tundu lake wenyewe. Nikasema kama babu aliweza, mimi nina jiko la mkaa.

Nilichomeka mkia kwenye mkaa na kupepea. Ulipokuwa mwekundu niliusukuma kwenye kipande cha mti, moshi ukafuka, mkia ukazama vizuri sana. Nilikuwa bado nafurahia kazi yangu nilipoona rangi inapanda kwenye ubapa. Kwanza njano ya majani makavu, ikafuatiwa na hudhurungi, kisha zambarau, na nyuma yake buluu nzuri ya kanga mpya. Ilitembea taratibu kutoka mpinini kuelekea nchani nami naitazama kwa raha, nikidhani ni urembo.

Ile buluu ilikuwa msiba. Kisu hushika makali kwa sababu chuma chake kimekazwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Ukikirudishia joto kupita kipimo hicho unakilegeza. Njano ile hutokea chuma kikiwa kwenye nyuzi mia mbili na ushee, buluu inakaribia nyuzi 300. Kisu kikionyesha buluu mpaka kwenye makali, pale kimegeuka bati. Tangu siku hiyo nakinoa, kinakata samaki mmoja, kinalala. Mnoaji wa baiskeli anayepita mtaani kwetu alikiangalia mara moja akakirudisha: "Mama, hapa nitakula hela yako bure." Sasa nakwangulia masizi ya sufuria.

Babu yangu, nilikuja kukumbuka baadaye, alikuwa anakichomeka kisu chenyewe kwenye kipande cha mgomba mbichi wakati mkia uko motoni. Niliona, ila nikiwa mtoto nilifikiri ni namna ya kukishikia tu. Ule mgomba uliojaa maji ndio uliokuwa unazuia joto lisipande. Kitambaa kilicholowa chepechepe hufanya kazi hiyohiyo, mradi usikiache kikauke. Siku hizi mimi situmii moto kabisa. Natoboa tundu kwa drili na kulijaza gundi.

Kuna na ile njia ya mtaani ya kuyeyusha plastiki ya madumu na kuufinyangia mkia wa kisu. Inashika, sitasema uongo. Lakini moshi wake unakaa kifuani, na tone moja likikudondokea mkononi haliondoki bila ngozi. Nimeona kovu la mtu, likanitosha.

Baada ya mipini mitatu nilikiri kwamba sijui, nikakifunga kisu cha mama kwenye gazeti nikapanda daladala kwenda Mwenge, pale wanapochonga vinyago. Nilikuwa natafuta mpingo. Kichwani nilijiambia mti ukiwa wa gharama, makosa yangu yatafichika.

Mzee niliyemkuta alikuwa amekaa juu ya kigoda, miguu imezama kwenye vumbi la mbao.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Umeleta maiti?"

Alikuwa ameliona gazeti lenye madoa ya kutu. Alikifungua kisu, mabaki ya mpini hata hakuyatazama. Alikikunja kidogo kwa vidole akakiachia, akakigonga kwa ukucha na kusikiliza, akaupitisha mkia mbele ya jua kuona kama una ufa. Kisha akasema, "Kisu kizima hiki. Kilichokufa ni nguo."

Nikamwomba mpingo. Akacheka. Akaniokotea kipande, akakidumbukiza kwenye kopo la maji, kikazama kama jiwe. "Mti huu hausamehe," akasema. "Ukiutoboa kwa pupa unapasuka. Ukigonga ribiti kwa hasira unapasuka. Vumbi lake linawasha macho na ngozi. Jifunze kwa mninga, mpingo utakusubiri." Akaniuliza kama nyumbani nina kitanda cha zamani.

Sikumwelewa.

"Mti mkavu unalalia kila siku, halafu unakuja kununua Mwenge."

Ushauri huo peke yake ulilipa nauli. Mninga ni mti uliotulia. Ukishakauka hauvimbi wala kusinyaa sana, ndiyo maana mafundi samani wanaupenda. Na mti uliokwisha kuwa kitanda au mlango kwa miaka 20 umeshamaliza ugomvi wake wote na maji. Nyuma ya nyumba nilikuwa na mguu wa kitanda changu cha kwanza, nilichonunua nikiwa mpangaji Manzese, umekaa unasubiri kuwa kuni. Kama huna kitanda cha kuua, fundi seremala yeyote anatupa vipande vinavyotosha mipini kumi. Muulize tu kama mbao imekauka, na usichukue msonobari, ni laini mno kwa jikoni.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya chochote, funika makali. Kunja boksi gumu juu ya ubapa wote, zungushia solotepu mara nyingi, na usiitoe mpaka umemaliza. Nilimwona kijana mmoja akipiga msasa mpini huku kisu kiko uchi, nikahisi nyuzi zangu nne zinarudi.

Ribiti za zamani usizing'oe kwa koleo, utapindisha mkia. Sugua kichwa cha ribiti kwa tupa mpaka kiishe, kisha isukume kutoka upande wa pili kwa msumari mnene uliokatwa ncha. Mkia usafishe kwa msasa namba 80 mpaka uone chuma cheupe. Vile vishimo vilivyoliwa na kutu hutavimaliza, wala si lazima, gundi inavipenda. Ila kama mkia umeliwa mpaka umebaki mwembamba kama kopo, acha. Huo utakatika siku moja na mpini mpya ukiwa juu yake.

Mkia wa kisu bapa una matundu tayari, na matundu hayo ndiyo kipimo chako. Laza kibao cha kwanza, toboa kupitia matundu ya chuma. Kisha pitisha vijiti vya ribiti humo ndipo ukigeuze na kutoboa cha pili. Mimi nilitoboa vibao vyote viwili kwa kukadiria kwa macho. Matundu yakapishana kwa nusu milimita hivi, nikatupa kibao. Mguu wa kitanda una mbao nyingi, bahati nzuri.

Ribiti nilizipata kwa fundi wa kuchomelea kwa gesi. Wale wana fimbo za shaba ya njano za kuungia, unene wa karibu milimita tatu, nami nilinunua moja kwa 1,500, inatosha visu vitatu. Shaba haioti kutu ndani ya mti, na ni laini, inakubali kupondwa. Msumari kamwe.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia nikaligundua mwenyewe: ile ncha ya mbele ya vibao, inayotazamana na ubapa, ichonge na uipige msasa hadi imalizike kabla ya kubandika. Ukishabandika huwezi tena kuifikia bila kukwaruza kisu, na hapo ndipo uchafu unapokaa. Kwenye visu vya zamani vya mkia mwembamba mahali hapo panavalishwa pete ya chuma, noleo, kuzuia mpini usipasuke. Kama kisu chako kinayo, itunze uirudishe.

Gundi niliyotumia ni ile ya mirija miwili, Araldite, ya taratibu, 5,000. Kuna ya dakika tano. Iache kwa wenye haraka, maji huishinda mapema. Changanya sawa kwa sawa mpaka rangi iwe moja, paka pande zote za chuma na mti baada ya kufuta mafuta kwa spiriti, tia na ndani ya matundu, upitishe vijiti vya shaba humo. Kisha bana, lakini usibane kama unakamua tui. Nilibana kwa jiliwa la fundi baiskeli kwa nguvu zangu zote gundi ikatoka yote nje, ikabidi nifungue nipake upya. Inatakiwa itokeze kidogo tu kingoni, uifute hapohapo kwa spiriti kabla haijakauka. Halafu achana nayo saa 24. Niliweka kisu juu ya kabati nikaenda kanisani, kwa sababu ningekaa nyumbani ningekigusa.

Kesho yake ni ribiti. Acha shaba itokeze milimita mbili kila upande, laza upande mmoja juu ya chuma kizito, gonga upande wa pili kwa nyundo ndogo kuzunguka ukingo, taptap, kama unayepasua yai la kuchemsha. Geuza, rudia. Shaba inajitanua kidogo kidogo na kujaza tundu. Sauti ikibadilika ikawa nzito, acha. Baada ya hapo piga tupa, kisha msasa namba 120, 220, 400, shaba na mti pamoja hadi kidole kisihisi mpaka kati yao. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi.

Mafuta ya nazi nisikufiche nilijaribu. Yanang'arisha siku mbili, kisha yanachacha na mpini unanuka. Yanayofaa ni mafuta ya kitani (linseed), kwa sababu hukauka na kuganda ndani ya mti. Yule mzee wa Mwenge alinimiminia kidogo kwenye chupa ya soda. Paka nyembamba, acha dakika 15, futa, rudia kesho, mara nne au tano. Na kitambaa ulichofutia usikikunje ukatupa kwenye pipa. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kianike kitandazwe nje, au kiloweke kwenye maji.

Misasa ilikuwa 3,000. Ukijumlisha na gundi na shaba utapata ile 9,500 yangu.

Majirani wameanza kuniletea visu vyao. Wengi nawarudisha. Kisu cha 2,000 chenye mkia mfupi kama jino, ulioishia robo ya mpini, hakistahili gundi ya 5,000, nunua kingine. Ambacho nakipokea bila kuuliza ni kile cheusi cha zamani ambacho mwenyewe anasema "kilikuwa cha bibi". Huwa nawauliza wanakiosha wapi. Wakitaja beseni, nawaambia watundike msumari ukutani kwanza, kisu kioshwe peke yake, kifutwe, kining'inizwe, ndipo warudi na mpini. Mmoja alinuna. Bwana afya aliyepita juzi kwenye banda langu alikishika cha mama, akapitisha ukucha kati ya mti na chuma akitafuta ufa, akakirudisha mezani bila neno.

Kwenye kibao cha kulia kuna duara dogo, jeusi kidogo kuliko mti. Ni tundu la msumari wa kile kitanda, nililolijaza kwa gundi niliyochanganya na unga wa mninga wenyewe. Ukikishika kisu vizuri, kidole cha kati kinatua juu yake.